Sari ya Baluchar na mkono wa Dubraj

Kitambaa kilipofunguliwa juu ya meza, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye korosho. Nasema korosho kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hakuwahi kuliita kwa jina jingine lile umbo la tone lililopinda ncha, linaloonekana kwenye kanga zetu tangu pindo hadi mji. Hapa korosho ilikuwa kubwa kuliko kiganja changu, imefumwa kwa hariri nyeupe na ya njano juu ya hariri ya rangi ya damu ya mzee, nayo ilisimama wima katika safu pamoja na wenzake, ikiwa imejazwa maua madogo hadi hapakubaki nafasi tupu. Wabengali huliita umbo hilo kalka. Nilikuwa London, upande wa mashariki wa jiji, kwenye jengo ambalo makumbusho ya Victoria and Albert ililifungua mwaka 2025 ili watu wa kawaida waweze kuomba kuletewa vitu vilivyohifadhiwa ghalani na kuvitazama kwa karibu. Niliomba mapema, nikangoja, na siku ilipofika nilikalishwa mbele ya sari ya Baluchar.

Niliitamani kwa miaka mingi. Katika maisha yangu yote nimeishi jirani na watu wanaovaa sari, kwa kuwa katika miji ya pwani yetu familia zenye asili ya Gujarati na Kachchh zimekuwapo vizazi na vizazi, na nguo zao zimekuwa sehemu ya macho yetu. Lakini sari ya Baluchar haikutoka upande huo wa Bahari ya Hindi tunaoufahamu sisi. Ni ya Bengal, mashariki ya mbali ya Bara Hindi, na kwa karne nzima imekuwa ikisomwa zaidi makumbushoni kuliko kuvaliwa mwilini. Makumbusho ya Calico mjini Ahmedabad inazo, London zipo, na nyingine ziko katika makusanyo ya Marekani. Nataka kueleza kwa nini kipande hiki cha nguo kinanigusa kiasi hiki, na nitaanza na mahali kilipotoka.

Baluchar kilikuwa kijiji kando ya mto Bhagirathi, jirani na mji wa Murshidabad. Jina lenyewe lina mchanga ndani yake, kwa maana balu ni mchanga na char ni fungu la ardhi linaloachwa na mto. Murshidabad ulipewa jina la Murshid Quli Khan, aliyeyahamisha makao ya utawala wa Bengal kutoka Dhaka mwanzoni mwa karne ya 18, na baada ya hapo ukawa mji wa manawabu, yaani watawala wa Bengal, wa mabenki na wa hariri. Wilaya hiyo ilikuwa na mashamba ya miforsadi ya kulishia viwavi wa hariri, na Waingereza na Waholanzi walikuwa wamejenga vituo vyao vya biashara hapo karibu, Kasimbazar, kwa ajili ya kuinunua hariri hiyo. Tarehe 23 Juni 1757, kusini mwa mji huo, mahali paitwapo Palashi, jeshi la Nawab Siraj ud-Daulah lilishindwa na jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, na kuanzia hapo mamlaka yakaanza kuhamia Kolkata. Ajabu ni kwamba sari nyingi za Baluchar zilizobaki zilifumwa baada ya kushindwa huko, wakati ufalme uliokuwa ukichorwa juu yake ulikuwa umekwisha kuwa kivuli.

Na ulichorwa kweli. Sari hizi zina urefu wa mita nne na nusu hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo imetapakaa maua madogo, lakini utajiri wake wote umekusanywa kwenye ncha moja, ile inayotupwa begani ikaning'inia mgongoni au mbele ya kifua, ambayo kwa Kibengali huitwa anchal. Katikati ya anchal husimama zile kalka kubwa. Kuzizunguka kuna visanduku, kimoja baada ya kingine, na ndani ya kila kisanduku yupo mtu. Yupo bwana aliyeketi akivuta kiko cha maji, hiki tunachokiita shisha siku hizi, mrija wake ukizunguka kama nyoka. Yupo bibi mwenye ua mkononi, analinusa. Katika sari nyingine wapo wapanda farasi, wapo Wazungu waliovaa kofia na kukaa vitini kwa migongo iliyonyooka, na katika zile za baadaye kuna hata merikebu za moshi na mabehewa ya gari moshi yenye abiria wanaochungulia madirishani. Watu wote ni wadogo, wana pua ndefu na macho makubwa, na viungo vyao vimekatwa kwa pembe kama ngazi, kwa kuwa mfumaji hawezi kupinda mstari. Anaweza tu kuuhamisha uzi mmoja kwenda kando, kisha mwingine, kisha mwingine.

Hayo magari moshi yana manufaa yake kwa mtu anayetaka kujua umri wa nguo. Reli ya kwanza katika Bengal ilifunguliwa mwaka 1854, kutoka Howrah hadi Hooghly, kwa hiyo sari yenye behewa juu yake haiwezi kuwa imefumwa kabla ya hapo. Lakini mimi hunivutia zaidi kule kufikiri kwa mfumaji. Alikuwa mtu wa kijijini, aliyefundishwa picha za mabwana na mabibi wa baraza ya nawab kama alivyofundishwa baba yake. Kisha siku moja akaona, au akasimuliwa, kwamba kuna chuma kinachokwenda chenyewe na watu wamekaa ndani. Hakuogopa kwamba chuma hicho kitaharibu heshima ya nguo ya harusi. Alikiweka katika kisanduku kilekile alichokuwa akimweka nawab, kwa hariri ileile, akakizungushia maua. Waliozivaa walikuwa hasa wanawake wa familia za Kihindu zenye mali na ardhi, na hivyo bibi harusi wa Kihindu alikwenda kwenye sherehe yake akiwa amebeba begani mabwana wa Kiislamu, maofisa wa Kiingereza na abiria wa gari moshi. Sijui nguo nyingine inayoisimulia nchi yake kwa uwazi wa namna hiyo bila kuandika hata neno moja.

Msimamizi aliyekuwa nami aliniruhusu nitazame kwa kioo cha kukuzia, ingawa kugusa hakuruhusiwi. Kwa kioo niliona kile ambacho picha za kwenye intaneti hazikunionyesha. Uzi wa mtande, ule unaotandikwa kwa urefu wa kitambaa, ulikuwa mwembamba na umesokotwa, lakini ule uzi wa ziada uliotumika kuchora picha haukusokotwa hata kidogo. Ulikuwa umelala bapa, laini, kama nywele zilizochanwa zikapakwa mafuta, na ndiyo sababu mwanga ulipoupata uling'aa kwa utulivu badala ya kumetameta. Hakukuwa na zari, yaani uzi wa dhahabu. Watu wengi wakisikia sari ya kifalme hufikiri dhahabu, na kweli sari za Banaras zimejaa dhahabu. Lakini mafundi wa Baluchar wa zamani walijiwekea mipaka ya hariri peke yake, na nadhani walifanya vizuri, kwa sababu dhahabu ingeyashinda yale macho madogo ya wale watu.

Mgeni akiona kazi hii hudhani imedariziwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Sivyo. Kila picha iliingia ndani ya nguo wakati nguo yenyewe inazaliwa, mshindio kwa mshindio, yaani kila uzi wa kukingama kwa zamu yake, na ili jambo hilo liwezekane palihitajika kifaa kilichoitwa jala, neno lenye maana ya wavu. Kabla ya kufuma, fundi wa michoro aliichukua picha na kuigeuza kuwa mafundo: alipitisha nyuzi za kukingama katika nyuzi nyingine, akihesabu ni nyuzi zipi za mtande zinazopaswa kuinuka kwa mstari wa kwanza wa picha, zipi kwa mstari wa pili, na kuendelea hivyo mpaka nawab mzima na kiko chake akawa amegeuka kuwa wavu wa kamba unaoning'inia juu ya kitanda cha mfumi. Msaidizi, mara nyingi kijana, alivuta kamba hizo kwa zamu yake, mtande ukafunguka mahali panapotakiwa, na mfumaji akapitisha rangi. Wavu mmoja ukikamilika uliweza kutumika kwa sari nyingi, na ndiyo maana katika nguo moja utamwona bibi yuleyule mwenye ua akirudiwa mara nyingi, pengine ametazama kushoto, pengine kulia. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuutengeneza wavu. Aliyeweza kufunga jala alikuwa na picha mikononi mwake katika umbo ambalo jicho la kawaida haliwezi kulisoma.

Hapo ndipo anapoingia Dubraj Das. Aliishi Bahadurpur, kijiji cha jirani na Baluchar, naye ndiye fundi wa sari hizi ambaye jina lake limetufikia, kwa sababu alilifuma. Kwenye baadhi ya kazi zake, ndani ya hariri, mna herufi zinazomtaja. Tafakari maana ya kitendo hicho katika kazi ambayo mafundi wake wote wa karne nzima walipita bila kuacha alama: ili kuandika jina lake, ilimbidi alihesabu nyuzi kwa nyuzi kama alivyohesabu pua ya nawab, kisha apitishe mshindio kwa namna ileile. Kutia saini kwake kulikuwa kufuma.

Sari niliyoitazama mimi haikuwa na jina lolote. Niliitafuta saini kwenye anchal yote, kisanduku kwa kisanduku, ingawa nilikwisha kuambiwa kwamba haimo. Kwetu pwani kanga haikamiliki bila jina, na jina la kanga ni lile neno lililoandikwa chini ya mji, ambalo mvaaji humwambia nalo mumewe, mke mwenza, jirani au mwanawe. Bibi yangu alikuwa akinunua kanga kwa jina kwanza na rangi baadaye. Lakini jina hilo ni la mvaaji na ujumbe wake. Wala sijawahi kuiona kanga inayomtaja aliyeichora. Nilipokuwa nimeinamia meza ile, nilitambua kwamba nimekua nikisoma nguo tangu utotoni, na siku zote nimeisoma kwa upande wa anayeivaa. Dubraj alinifanya nijiulize kwa mara ya kwanza kuhusu mtu aliye upande wa pili wa kitambaa.

Mwaka 1903 Nitya Gopal Mukerji alichapisha taarifa juu ya vitambaa vya hariri vya Bengal, na mwaka huohuo Dubraj alifariki. Wateja wakubwa walikuwa wamepungua, kwa kuwa baraza la nawab halikuwa na nguvu tena na familia za wenye ardhi zilikuwa zimezoea mambo ya Kolkata. Nguo za viwandani zilikuwa zimejaa sokoni kwa bei ambayo mtu wa jala asingeweza kuifikia hata angefanya kazi usiku na mchana. Husimuliwa pia kwamba mto uligeuka ukakifunika kijiji, na kwa mahali palipopewa jina la mchanga wa mtoni simulizi hiyo ina uchungu wake. Lakini mto hauwezi kubeba lawama yote. Ujuzi ulikuwa umebaki kwa mikono michache mno, na mikono hiyo ilipozikwa, nyavu za jala ziliachwa zikiwa kamba tu, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuzisoma.

Nguo zikabaki, na kubaki kwake si jambo jepesi. Hariri ni kitu kilichotoka mwilini mwa mdudu, kama nywele zetu zilivyotoka miilini mwetu, na huchakaa hata ikiwa haivaliwi. Mwanga huivunja kidogo kidogo, na uharibifu wa mwanga haurudi nyuma: kila saa ya kuonyeshwa hadharani hujumlishwa na zile zilizotangulia. Kwa hiyo makumbusho makubwa huonyesha nguo kama hizi katika mwanga hafifu wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, kisha huzirudisha gizani. Rangi nyeusi na kahawia za zamani, ambazo mara nyingi zilikolezwa kwa chuma, ni adui wa ndani, kwa sababu chuma hicho huendelea kuila hariri miaka mingi baada ya fundi kufa. Ndipo unapokuta sari ambayo nyekundu yake imesimama imara lakini mistari myeusi iliyoizunguka imedondoka ikaacha matundu. Kukunja nako ni hatari, maana mahali penye mkunjo nyuzi huvunjika, na sari iliyokunjwa sandukuni kwa miaka 100 hufunguka ikiwa na majeraha ya miraba. Ile niliyoitazama ilikuwa imeviringishwa kwenye mhimili mpana, ikiwa imetenganishwa kwa karatasi isiyo na asidi. Hata hivyo mikunjo ya zamani ilionekana, mistari miwili iliyofifia ikikata katikati ya wapanda farasi. Kuna mwanamke aliyeiweka vizuri katika sanduku lake, kwa upendo, bila kujua kwamba upendo huo utaacha alama.

Wapo wanaosema kwamba nguo hizi zirudishwe Bengal, na hoja yao ninaiheshimu. Mimi mwenyewe ningependa binti wa Murshidabad aweze kuiona anchal kama hii bila kuomba viza. Kolkata inayo makumbusho iliyoanzishwa mwaka 1814, na mafundi wa huko wanajua zaidi kuliko sisi wageni thamani ya kilichomo. Lakini sitaki kuficha kwamba nguo zilizohifadhiwa ndizo zilizoirudisha kazi yenyewe duniani, na huo ndio upande wa habari hii unaonipa furaha.

Mwaka 1956 msanii Subho Thakur, wa ukoo uleule wa mshairi Tagore, aliyekuwa akiongoza kituo cha usanifu mjini Kolkata, aliamua kwamba sari ya Baluchar isiachwe ife. Alimwita mfumaji kutoka Bishnupur aitwaye Akshay Kumar Das, ili ajifunze kufuma michoro migumu kwa mtambo wa Jacquard, ule uliobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, ambao badala ya wavu wa kamba na kijana wa kuvuta hutumia kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Michoro ilitoka kwenye sari za zamani zilizokuwa zimesalia. Das alirudi Bishnupur na kazi ikaota mizizi huko, mji ambao tayari ulikuwa na wafumaji wa hariri na ambao mahekalu yake ya matofali ya udongo, yaliyojengwa na wafalme wa Malla, yana kuta zilizojaa sanamu ndogondogo katika visanduku. Wafumaji wa Bishnupur waliziona kuta hizo kila siku tangu utotoni. Basi nawab akaondoka taratibu, na mahali pake wakaingia mashujaa wa Ramayana na Mahabharata, tenzi za kale za Kihindu, wakipanda magari ya vita, na baadaye zari nayo ikaingia, katika aina inayoitwa Swarnachari.

Wengine husema kwamba hiyo si Baluchar tena. Mimi sikubaliani nao, ingawa naelewa wanachokiombolezea. Mfumaji wa karne ya 19 aliyeingiza gari moshi ndani ya sari asingeshangazwa na mjukuu wa kazi yake anayeingiza ukuta wa hekalu. Kilichopotea kweli ni jala, ule ujuzi wa kuifunga picha kwa mafundo, na kupotea kwake kunaonekana kwa macho: ufumaji wa kadi ni sawasawa mno, na zile kasoro ndogo za mkono, kidole kimoja kilichozidi au jicho lililokaa juu kidogo, hazipo tena. Katika anchal ile ya London nilimkuta mvuta kiko mmoja ambaye mrija wake unakatika katikati, kisha unaendelea uzi mmoja juu zaidi. Kamba moja ilivutwa vibaya siku hiyo, na hakuna aliyeirudia. Nilimtazama huyo kwa muda mrefu kuliko wote.

Siwezi kuitazama habari hii bila kuikumbuka Pate. Wareno waliofika pwani yetu katika karne ya 16 waliandika juu ya vitambaa vya hariri vilivyofumwa katika kisiwa hicho na kuuzwa pwani nzima, na kila nisomapo maneno yao hutamani kuviona. Sijawahi kuona hata kipande. Hatukubakiwa na mtande wa kuhesabu wala saini ya kutafuta, na kama kesho akitokea kijana wa Lamu anayetaka kufanya alichofanya Akshay Kumar Das, hatakuwa na nguo ya kumfundisha. Ndiyo sababu siwezi kuidharau karatasi isiyo na asidi wala giza la ghalani, hata kama moyo wangu unasema nguo ilitengenezwa ili ivaliwe.

Muda wangu ulipokwisha msimamizi alivaa glavu mpya na kuita mwenzake, kwa sababu mtu mmoja haruhusiwi kuiviringisha peke yake. Walianzia ncha ile isiyo na picha, wakienda polepole, karatasi juu ya hariri, hariri juu ya karatasi, mmoja akizungusha mhimili na mwingine akitazama kwamba pindo halipotoki. Anchal ilikuwa ya mwisho kuingia. Zilitangulia safu za mabibi wenye maua, zikafuata korosho, kisha mvuta kiko mwenye mrija uliokatika, naye akafunikwa.